MAJI YA BOMBA, DAWA YAKE NA POMBE YETU

Hotuba ya Mwenyekiti siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wapo tulioanza nao ambao leo hatunao, Mungu awalaze mahali pema. Miaka kumi si mchezo. Tulianza tukiwa na daftari moja na kisanduku chenye kufuli, na wapo waliotucheka. Leo akiba ipo, mikopo inatoka na kurudi, na wapo watoto waliosoma kwa fedha ya kikundi hiki. Habari za hesabu atazisoma Mweka Hazina, mimi sitaingilia kazi yake.

Mimi kamati imeniomba niseme jambo moja, na jambo lenyewe ni maji. Najua wengine mnajiuliza, sherehe yote hii mwenyekiti anatuletea habari za maji? Subirini kidogo. Kikundi hiki kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya maji, na wengi mlikuwepo. Nataka tuliseme leo mbele ya wageni na lichapwe katika kijitabu chetu, ili watakaoingia kikundini baadaye walikute limeandikwa.

Ndugu zangu, hapa kwetu Kilimanjaro hakuna asiyejua mbege. Harusi ni mbege, msiba ni mbege, kupatanisha waliogombana ni mbege. Na akina mama wengi wa kikundi hiki mkopo wao wa kwanza waliuingiza kwenye ndizi na ulezi. Kwa hiyo pombe ya mama mmoja ikiharibika, si pombe tu iliyoharibika. Ni rejesho la mwezi limekosekana, na mdhamini wake naye ameshikwa.

Ndivyo ilivyotokea. Mama mmoja wa kikundi chetu alipika mbege, ikatoka na harufu ya dawa. Wanywaji wakaionja, wakaweka kata chini, wakaondoka. Akamwaga. Akapika tena, ikawa vile vile. Jirani yake, ambaye ndiye mdhamini wake wa mkopo, alipika wiki hiyo hiyo, kwa ndizi za shamba moja na ulezi wa gunia moja, na mbege yake ikanywewa ikaisha kabla ya jua kuzama. Basi maneno yakaanza. Eti jirani ana kijicho. Eti alipita karibu na pipa jioni. Eti kuna kitu alitia. Mkutano wa mwezi ule watu walikaa pande mbili, na wengine wakadai akiba zao wajitoe. Jamani, akiba ya miaka ilitaka kutawanyika kwa ajili ya harufu.

Kamati ikaamua kwanza tuwaulize wote wawili hatua kwa hatua, wanafanyaje. Ndizi sawa, ulezi sawa, gome la msesewa sawa, muda sawa. Tulipofika kwenye maji ndipo tukaona tofauti. Yule aliyeharibikiwa bomba liko uani kwake na maji hayakatiki. Anachota muda huo huo na kumimina. Yule jirani yuko juu mlimani, kwake maji ni ya mgao, yanakuja siku moja, siku mbili hayapo. Kwa hiyo anajaza vyombo vyake na kuvifunika kwa kitambaa, na anatumia maji yaliyolala. Yaani mwenye shida ya maji ndiye mwenye mbege nzuri!

Tukamwita Bwana Afya, yuko hapa leo, akatueleza. Nami nitayasema kwa lugha yetu ya jikoni, yeye atanisahihisha nikikosea.

Maji ya bomba yanatiwa dawa inayoitwa klorini. Kazi yake ni kuua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na kuendelea kuyalinda maji yakiwa ndani ya bomba mpaka yafike kwako. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba pale mtu anapochotea maji dawa isipungue miligramu 0.2 katika kila lita, na isizidi miligramu 5. Ni kidogo sana hicho. Lakini wakati wa mlipuko wa ugonjwa, au bomba likishatengenezwa, dawa huongezwa, na hapo hata pua inasikia.

Sasa dawa hii inafanya nini kwenye pombe? Mambo mawili.

La kwanza, pombe inaiva kwa sababu ya hamira ya asili na vijidudu vyema vilivyomo kwenye kimea, kwenye ndizi na kwenye vyombo vyetu. Sisi mbege hatuitii hamira ya dukani. Dawa haichagui kijidudu kizuri na kibaya. Ile ya kawaida ya bombani haiwezi kuua vyote, lakini ikiwa nyingi inavidhoofisha mwanzoni, na pombe inachelewa kuchachuka.

La pili ndilo kubwa. Katika ulezi, katika ndizi na katika gome la msesewa kuna vitu vile vinavyoleta ukakasi mdomoni. Klorini ikikutana navyo inashikana navyo, na hapo kinazaliwa kitu kipya chenye harufu ya hospitali, kama dawa ya kusafishia kidonda au plasta. Kitu hicho ulimi unakisikia hata kikiwa kidogo mno. Na kikishazaliwa hakitoki. Uongeze ulezi, ungoje siku mbili, harufu ipo palepale.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema, aa, ndizi zinachemka saa nyingi, dawa itatoka yenyewe. Ni kweli moto unaitoa dawa iliyo katika maji matupu. Lakini ukiishaweka ndizi au kimea ndani, dawa inawahi kushikana navyo kabla mvuke haujaichukua. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: dawa itoke kabla maji hayajakutana na ndizi wala ulezi.

Mtauliza, mbona mama zetu na bibi zetu hawakutufundisha hili? Hawakuwa na haja nalo. Wao walichota maji ya mfereji na ya chemchemi, nayo hayakuwa na dawa. Namna ya kupika ilibaki ile ile, lakini maji yalibadilika. Hakuna aliyekosa hapo.

Basi kamati ikafanya jaribio mbele ya wote. Tulichukua ndizi zilizochacha za pipa moja na uji wa kimea, ule tunaouita mso, wa sufuria moja, tukagawa ndoo tatu. Ya kwanza tukaikamulia na maji yaliyotoka bombani saa ile ile. Ya pili, maji ya bomba hilo hilo yaliyolala wazi tangu jana yake. Ya tatu, maji yaliyochemshwa na kupoa. Tukafunga uzi wa rangi kwenye mkono wa kila ndoo, na maana ya rangi tukaijua sisi watatu tu. Kesho yake wazee watatu wakaonja. Wote walisukuma kata ya ndoo ya kwanza. Mmoja akasema hii ni ya mgonjwa. Zile mbili nyingine walizimaliza, na nusura watuombe nyingine.

Siku hiyo yule mama alisimama akamwomba jirani yake radhi mbele ya mkutano, na jirani akapokea. Mikopo yote miwili imelipwa zamani. Leo wamekaa benchi moja pale, nami sitawataja.

Sasa nakuja kwenye kazi yenyewe. Njia za kuitoa dawa ni hizi.

Kwanza, kuyalaza maji. Jaza chombo chenye mdomo mpana, beseni au sufuria kubwa au ndoo, uache wazi usiku kucha, na ikiwezekana saa 24. Klorini inaruka yenyewe hewani. Jua linaiharakisha, na kuyamimina kutoka ndoo hii kwenda ile mara kadhaa kunasaidia. Usifunike kwa mfuniko, maana dawa itakosa pa kutokea. Funika kwa kitambaa chepesi au kipande cha chandarua, vumbi lisiingie na mbu wasitage. Angalieni, pipa refu la lita 200 lenye mdomo mdogo halimalizi kazi kwa usiku mmoja. Gawa maji kwenye vyombo vipana.

Pili, kuchemsha. Maji yakishaanza kutokota, yaache yatokote dakika 15 hadi 20 bila mfuniko. Njia hii inatoa dawa na kuua vijidudu kwa pamoja. Ubaya wake ni kuni na mkaa, na wote tunajua bei ya mkaa.

Tatu, vitamini C, vile vidonge vya duka la dawa. Vitamini C inaizima klorini papo hapo. Miligramu 1 ya klorini inataka kama miligramu 2.5 za vitamini C. Kwa hiyo kidonge kimoja cha miligramu 100 kinatosha ndoo ya lita 20 hata kama dawa imefika miligramu 2 kwa lita. Kisage, koroga, ngoja dakika chache. Chukua kile kisicho na rangi wala sukari. Njia hii ni ya siku ya haraka, mgeni amekuja na maji hayajalazwa.

Nne, kuna chujio za mkaa. Mkaa huo ni wa kiwandani, umetengenezwa maalumu kwa kazi hiyo. Mkaa wa jikoni si huo, usitumbukize mkaa kwenye ndoo ukadhani umemaliza. Utapata majivu na dawa yako iko palepale.

Wenzetu wa Uingereza na Marekani wanaopika bia nyumbani shida yao ni hii hii. Wao wana vidonge vinavyoitwa Campden, jina la mji mdogo wa Uingereza. Na katika miji mingi ya Marekani maji yanatiwa klorini iliyochanganywa na amonia, kusudi isiruke upesi. Dawa ya namna hiyo ukiilaza usiku kucha bado ipo, na hata kuichemsha ni kazi ndefu. Wao inawabidi watumie kidonge au chujio. Nalisema hili kwa sababu wapo wenye watoto huko wanaotaka kupika mbege ya harusi, wakapiga simu kwa mama wakaambiwa yalaze tu. Mwambie mwanao aulize kwanza wenye maji wa mji wake wanatia dawa gani.

Kujua kama dawa imetoka, tumia pua. Jaza glasi nusu, ziba kwa kiganja, tikisa, fungua na unuse hapo hapo. Kama bado unasikia dawa, ngoja. Mwenye mafua amwite jirani!

Jambo jingine linalosahaulika ni vyombo. Tunaosha mapipa kwa jiki, vizuri, usafi ni lazima. Lakini jiki nayo ni klorini, tena kali kuliko ya bombani mara nyingi sana. Ukiosha pipa kwa jiki, suuza mara tatu, na suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyochemshwa. Liache likauke juani. Vinginevyo umelaza maji bure.

Ndugu zangu, hapa sasa naomba utulivu, maana hili ndilo lililonifanya nikubali kusimama.

Tangu tulipofanya jaribio lile nimesikia akina mama wakisema dawa ya maji ni mbaya. Wengine wameanza kulaza maji yote ya nyumbani, hata ya kunywa watoto. Nasema hapana, hapana kabisa. Dawa ile si adui. Wenye umri wangu tunakumbuka mwaka 1997, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 2,000 katika nchi yetu. Mwaka 2015 kikazuka tena, kikaanzia Dar es Salaam na kusambaa mikoani. Dawa ile ndiyo askari wa mlangoni. Ukiyalaza maji, umemwambia askari aende nyumbani. Kuanzia hapo maji hayana mlinzi. Mtoto akichovya kikombe kichafu humo, au inzi akitua, kijidudu kinakaa na kuzaana, hakuna wa kukizuia.

Kwa hiyo sheria ya pili: ondoa dawa kwenye maji ya pombe peke yake, kwa kiasi unachohitaji, na uyatumie mara yakiwa tayari. Maji ya kunywa yaache na dawa yake, au yachemshe uyafunike kwenye chombo safi.

Na sheria ya tatu inahusu mbege yenyewe. Tazameni safari yake. Maji ya kulowekea ulezi, ya kuchemshia ndizi na ya kupikia mso yanapita motoni, au kitu chake kinapita motoni baadaye. Hapo maji yaliyolala yanatosha, moto utamaliza vijidudu, na kuni umeokoa. Lakini maji ya kukamulia, yale tunayoongeza wakati wa kuchuja ndizi zilizochacha, hayapiti motoni tena. Yanakwenda moja kwa moja kwenye kata ya mnywaji. Maji hayo usiyalaze tu. Yachemshe dakika zile 15 hadi 20, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Msiniambie pombe ina ukali wake itaua. Mbege si spiriti. Uchachu wake unasaidia, lakini mimi siwezi kuweka roho ya mtu hapo.

Mkifuata hivyo, kuni mnazoongeza ni za maji ya kukamulia tu. Fanyeni hesabu wenyewe, sufuria moja ya maji kwa upande mmoja, na pipa zima la kumwaga kwa upande mwingine. Kamati imeshaamua kwamba mama anayeomba mkopo wa mbege atafundishwa haya kabla ya kupewa fedha, na mdhamini wake akiwepo.

Kabla sijamaliza niseme na hili, nisije nikaeleweka vibaya mbele ya mgeni rasmi. Kikundi chetu kinapika mbege kwa leseni. Gongo ni marufuku kwa sheria, na katika kikundi hiki ni marufuku mara mbili. Hatumuuzii mtoto, na aliyekwisha lewa tunamwambia mzee, kwa leo inatosha, nenda kapumzike. Fedha ya karo isiyopatikana kwa sababu baba ameinywea kwako, mama, si faida hiyo.

Wanakikundi wenzangu, mimi shule yangu ni ya msingi tu. Lakini nimejifunza kwamba jambo likiharibika, rahisi ni kumtafuta mtu. Kutafuta sababu ni kazi, inataka kukaa chini na kuulizana maji ulichota wapi, saa ngapi, kwa chombo gani. Tulikuwa na ndoo tatu na wazee watatu, tukaokoa kikundi. Mwaka ule kama tungesikiliza maneno ya kijicho, leo kusingekuwa na ngoma hii, wala hizi sare mlizovaa. Itakuja siku nyingine kuku wa mtu watakufa, au biashara ya mama fulani italala. Msikimbilie jina la mtu. Ileteni kwenye mkutano, tuulizane hatua kwa hatua.

Mgeni rasmi, ombi letu kwako ni moja. Tunaomba wenye maji wawe wanatutangazia mapema siku wanayoongeza dawa, hata kwa kubandika karatasi ofisi ya kata. Hatuombi waipunguze. Tunaomba kujua tu, ili siku hiyo tusipike, au tuyalaze maji muda mrefu zaidi.

Kwa hayo machache naomba niishie hapo. Namshukuru Bwana Afya kwa uvumilivu wake, maana maswali ya akina mama hayaishi. Nawashukuru wale mama wawili waliokubali habari yao isemwe. Mbege ya leo ipo, maji yake ya kukamulia yalichemshwa jana mchana, niliyasimamia mwenyewe. Wazee wataanza, kama ilivyo desturi, kisha wageni, halafu sisi.



Mwenyekiti wa Kikundi